Mtoto wako amekamatwa akiendesha gari baada ya kunywa pombe: maelezo kwa wazazi na walezi waishio Marekani

Mara nyingi simu huita usiku. Saa nane, saa tisa, namba usiyoijua, sauti ya mwanao au ya askari anayezungumza Kiingereza cha haraka. Unashika maneno machache tu: polisi, gari, pombe. Makala haya ni kwa ajili yako, mama, baba, shangazi, bibi au mlezi yeyote unayeishi Marekani na kijana wa chini ya miaka 21 anayeendesha gari. Utasoma kinachofuata kisheria, haki alizonazo mtoto, jinsi wakili anavyomtetea, na namna ya kuangalia afya yake katika siku hizo. Sheria hutofautiana kutoka jimbo moja hadi jingine, kwa hiyo tumia maelezo haya kujiandaa kuzungumza na wakili wa jimbo lako, si badala yake.

Kwanza hakikisha yuko salama

Kabla ya kuuliza habari za mahakama, uliza kama ameumia na kama anaamka akiitwa. Pombe nyingi inaweza kumuua mtu aliyelala, kwa sababu kiwango chake katika damu huendelea kupanda hata baada ya kuacha kunywa. Kijana asiyeamka ukimtikisa, anayetapika akiwa amelala, anayepumua chini ya mara 8 kwa dakika au anayekaa sekunde 10 bila kuvuta pumzi, anahitaji kupigiwa simu 911 mara moja. Kwenye ngozi nyeusi ni vigumu kuona mtu akibadilika rangi, kwa hiyo angalia midomo, ufizi na kucha: zikiwa za kijivu au za bluu, ni hatari. Mlaze ubavu, usimwache peke yake. Kahawa, maji baridi na kumtembeza havisaidii. Ini huondoa pombe kwa mwendo wake, na hakuna kinacholiharakisha.

Kama kulikuwa na ajali, hata ndogo, mpeleke hospitali akiachiwa. Kugonga kichwa humfanya mtu ayumbe, aongee kwa kukokota na kusahau, na dalili hizo zinafanana sana na ulevi. Sukari ikishuka kwa mwenye kisukari, hali ni hiyo hiyo. Askari aliyeko barabarani usiku hawezi kutofautisha haya kwa macho. Kwa hiyo karatasi ya daktari inalinda afya ya mtoto, na baadaye inaweza kuwa ushahidi wa kumtetea.

Na kama mtoto bado yuko mikononi mwa polisi na ana seli mundu, pumu, kifafa au kisukari, waambie polisi hapo hapo, taja na dawa anazotumia. Kueleza ugonjwa si kukiri kosa.

Kwa nini hata bia moja ni kosa

Wazazi wengi kutoka Afrika Mashariki na Kongo hushangaa hapa. Nyumbani, kijana wa miaka 19 akinywa bia harusini hakuna anayegeuka kumtazama. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1984 iliyoyabana majimbo yaweke umri wa kununua pombe kuwa miaka 21. Jimbo lililokataa lingekatwa sehemu ya fedha za barabara. Kufikia 1988 majimbo yote yalikuwa yamekubali. Sheria nyingine, ya 1995, ilitumia njia hiyo hiyo kwa madereva vijana: chini ya miaka 21, kiwango cha pombe katika damu kikifika 0.02 ni kosa, na majimbo mengine yameweka chini ya hapo. Kwa mtu mzima kiwango ni 0.08, isipokuwa Utah ambako ni 0.05.

Kwa Kiswahili cha kawaida: kwa kijana mwembamba, bia moja ya mililita 355 inaweza kumfikisha 0.02. Illinois huhesabu chochote kinachozidi sifuri. Texas pia, kiasi chochote kinachogundulika kinatosha. Texas humruhusu mtoto kunywa mbele ya macho ya mzazi wake, na wazazi waliosikia habari hiyo hudhani wamekingwa, lakini ruhusa hiyo haifiki kwenye usukani.

Kuna jambo la asubuhi ambalo huwanasa vijana wengi wasiokuwa na nia mbaya. Mwili huondoa pombe kwa wastani wa 0.015 kwa saa. Kijana aliyelala saa nane usiku akiwa na 0.12, akiamka saa moja asubuhi kukupeleka kazini, bado ana karibu 0.045. Amelala, ameoga, amekula, anajiona mzima. Kisheria bado ni dereva aliyekunywa.

Kwenye karatasi utaona herufi DUI, DWI au OVI kutegemea jimbo. Zisome vizuri, maana tofauti yake inaweza kuwa kubwa. Texas, kwa mfano, DUI ni kosa dogo la kijana aliyekutwa na pombe yoyote, lenye faini isiyozidi dola 500 kwa mara ya kwanza. DWI ni shtaka la mtu aliyefika 0.08 au aliyepoteza uwezo wake wa kawaida wa akili au mwili, na hilo linaweza kuleta hadi siku 180 za jela. California ina ngazi tatu kwa walio chini ya miaka 21: kuanzia 0.01 leseni huchukuliwa mwaka mmoja, 0.05 ni kosa la mahakamani, na 0.08 ni shtaka kamili kama la mtu mzima.

Kesi ni mbili, na moja ina saa inayokimbia

Usipochukua kitu kingine katika makala haya, chukua hiki. Kukamatwa kumoja huzaa mashauri mawili. La kwanza ni la mahakamani, ambalo kila mtu analijua. La pili ni la leseni, na huendeshwa na ofisi ya leseni za udereva, si na hakimu. Karatasi ambayo askari alimpa mwanao baada ya kuchukua leseni yake, ile aliyoikunja akaitia mfukoni, mara nyingi ndiyo taarifa ya shauri hilo la pili. Inampa siku chache za kuomba kusikilizwa. California ni siku 10. Texas ni siku 15. Zikipita bila ombi, leseni inafungiwa yenyewe, hata kama baadaye mahakama itafuta mashtaka.

Tafuta karatasi hiyo usiku huo huo. Ipige picha. Andika tarehe aliyopewa.

Katika familia nyingi za wakimbizi, kijana ndiye wa kwanza kupata leseni. Ndiye anayempeleka mama kiwandani, bibi kliniki na wadogo shuleni. Kufungiwa kwake ni kufungiwa kwa nyumba nzima. Mwambie wakili hivyo waziwazi, kwa sababu majimbo mengi yana leseni ya muda kwa safari za lazima za kazi, shule na matibabu, na mahitaji ya familia ndiyo hoja yenyewe ya kuiomba.

Anachopaswa kusema, na asichopaswa

Mwaka 1964, katika mji wa Globe jimboni Arizona, mvulana wa miaka 15 aliyeitwa Gerald Gault alikamatwa kwa tuhuma za kumpigia jirani simu ya matusi. Wazazi wake walikuwa kazini. Hakuna aliyewaachia taarifa. Mama yake alirudi jioni, akamkosa, akamtuma kaka yake amtafute kwa rafiki, ndipo akajua. Bila wakili, mvulana huyo aliamriwa kukaa katika shule ya kurekebisha tabia mpaka afikishe miaka 21, kwa kosa ambalo mtu mzima asingefungwa zaidi ya miezi 2. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1967 ikaamua kwamba mtoto naye ana haki ya kuelezwa mashtaka yake, ya kuwa na wakili, na ya kunyamaza. Familia ikishindwa kulipa, serikali inamtafutia wakili. Haki hizo za mwanao zilitoka katika kesi hiyo.

Lakini hazijitekelezi zenyewe. Katika majimbo mengi polisi hawalazimiki kukusubiri wewe mzazi kabla ya kumhoji mtoto. California ni tofauti: tangu 2021, mwenye miaka 17 au chini lazima kwanza azungumze na wakili kabla ya kuhojiwa akiwa chini ya ulinzi. Kwingine kwingi, mtoto mwenyewe ndiye anayepaswa kusema: «Nataka wakili. Sitajibu maswali mpaka awepo.» Mfundishe sentensi hiyo kwa Kiingereza leo, kabla hajaihitaji. Jina, tarehe ya kuzaliwa, leseni na karatasi za bima atoe. Asidanganye, asikimbie, asibishane, asimguse askari.

Kwetu mtoto anayemnyamazia mkubwa huonekana hana adabu. Hapa, kwa upole na heshima, kunyamaza kunaruhusiwa. Mtoto aliyelelewa vizuri ndiye anayejieleza zaidi, na maneno yake ya «nilikunywa mbili tu, afande» huwa ndiyo ushahidi mzito kuliko yote kwenye faili.

Vipi kuhusu kupuliza kipimo? Hapa kunyamaza na kukataa si kitu kimoja. Katika kila jimbo, anayeendesha gari amehesabiwa kuwa amekubali kupimwa akikamatwa kihalali, na karibu kote akikataa hufungiwa leseni kwa kukataa huko, mara nyingi muda mrefu zaidi. Texas, kijana aliyekataa hufungiwa siku 180. Aliyepimwa akakutwa na pombe kwa mara ya kwanza, siku 60. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema kipimo cha pumzi baada ya kukamatwa hakihitaji hati ya hakimu, lakini cha damu, bila ridhaa ya mtu, kwa kawaida kinaihitaji.

Nawe, mzazi, usimuulize kilichotokea kwa simu ya mahabusu. Simu hizo hurekodiwa. Na kuna jambo linalouma: katika majimbo mengi, anachokuambia mwanao hakina kinga ya siri kama anachomwambia wakili. Unaweza kuitwa kutoa ushahidi. Muulize tu kama amekula, kama ameumia, yuko wapi. Mwambie unakuja.

Wakili ni wa mtoto

Omba wakili anayelipwa na serikali siku ya kwanza mahakamani kama huna uwezo. Usione aibu, wengi wao hufanya kesi hizi kila wiki na wanawajua waendesha mashtaka kwa majina. Ukilipa wakili binafsi, tafuta anayefanya kesi za ulevi barabarani, na kama mtoto ana chini ya miaka 18, muulize pia kama anaijua mahakama ya watoto. Umri wa kupelekwa mahakama ya watu wazima ni 18 karibu kote, lakini majimbo machache, kama Texas, Georgia na Wisconsin, humhesabu mwenye miaka 17 kama mtu mzima katika makosa ya jinai. Majimbo mengine hupeleka makosa ya barabarani ya watoto katika mahakama ya kawaida ya trafiki.

Wakili anaweza kukuomba utoke nje ya chumba. Usikasirike, hata kama ada umelipa wewe. Mteja wake ni mtoto, na ukikaa ndani, siri ya mazungumzo inaweza kupotea.

Mtoto asiwe mkalimani wako katika kesi yake mwenyewe. Mahakama zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa, chini ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, kutoa mkalimani bila malipo. Mwombe mapema, na ueleze Kiswahili chako. Mkalimani wa Mombasa na mama wa Uvira wanaweza kupishana kwenye maneno ambayo kesi inayategemea. Kama Kibembe, Kinyarwanda au Kifaransa ndicho unachokielewa zaidi, sema hivyo. Ukiona mkalimani anafupisha dakika 3 za maneno ya jaji kuwa sentensi moja, inua mkono.

Wakili anatafuta nini kwenye faili

Utetezi mwingi hauanzi kwa kusema mtoto hakunywa. Huanza na swali: kwa nini gari lilisimamishwa? Askari anahitaji sababu: taa mbovu, mwendo wa kasi, gari kuyumba. Vizuizi vya kupima madereva wote vimeruhusiwa na Mahakama Kuu tangu 1990, ingawa baadhi ya majimbo, Texas likiwamo, hayavitumii. Kama sababu haikuwepo, wakili humwomba jaji akatae ushahidi wote uliopatikana baadaye, na kesi inaweza kuishia hapo.

Kisha kuna yale mazoezi ya kando ya barabara. Kutembea hatua 9 kisigino kikigusa kidole, kugeuka, kurudi. Kusimama kwa mguu mmoja sekunde 30. Kufuata kalamu kwa macho. Maelekezo hutolewa kwa Kiingereza, haraka, gizani, magari yakipita. Kijana aliyefika nchini miezi michache iliyopita anaweza kukosea kwa sababu hakuelewa, na askari akaandika kwamba alikuwa amelewa. Kama mwanao hasikii Kiingereza vizuri, ana mguu uliowahi kuvunjika, au alivaa kandambili, wakili ahitaji kujua. Barua ya mwalimu wake wa Kiingereza inaweza kuwa na maana kuliko ushuhuda wa watu kumi kwamba ni mtoto mwema.

Kipimo cha pumzi hupima pombe inayotoka mapafuni, lakini pombe iliyobaki mdomoni inaweza kukidanganya: dawa ya kusukutua, kutapika, kucheua, kiungulia kikali. Ndiyo maana taratibu za majimbo mengi zinataka mtu atazamwe dakika 15 hadi 20 kabla ya kupuliza, asile, asitapike. Wakili huangalia video kuona kama kweli askari alitazama, au alikuwa akijaza fomu. Huomba pia kumbukumbu za matengenezo ya mashine.

Damu nayo ina njia zake za kukosewa. Ngozi ikisafishwa kwa pamba yenye spiriti, chupa ikikosa dawa ya kuzuia uchachu, au sampuli ikipita mikononi mwa watu wasioandikwa, namba inapoteza uzito. Hospitali mara nyingi hupima sehemu ya majimaji ya damu, ambayo huonyesha kiwango cha juu kuliko damu nzima. Namba ya hospitali isichukuliwe hivyo hivyo kama namba ya kisheria.

Tuseme ukweli hapa, maana kuna mawakili wanaouza matumaini. Kwa kijana wa chini ya miaka 21, makosa ya kipimo mara nyingi hayafuti kila kitu. Yakishusha 0.09 kuwa 0.06, shtaka kubwa linaanguka na dogo linabaki. Huo ni ushindi wa kweli. Ni tofauti kati ya jela na faini. Lakini wakili anayekuahidi wiki ya kwanza kwamba kila kitu kitafutwa, kabla hajaona hata video, mwogope.

Video zenyewe hazidumu milele. Kamera za askari, za gari la polisi, za kituo cha mafuta kilicho jirani, nyingi hufutwa baada ya muda. Mwombe wakili aandike barua ya kuzihifadhi katika siku za mwanzo. Wewe kwa upande wako, andika ulichokiona: ulifika saa ngapi, mtoto alikuwaje, alikuwa na jeraha gani. Piga picha za majeraha. Na mwambie asiandike chochote mtandaoni, wala rafiki zake wasiweke picha za sherehe ile.

Uhamiaji: sema mapema, usingoje

Tangu 2010, wakili wa jinai anatakiwa kumweleza mteja asiye raia hatari ya kufukuzwa nchini itokanayo na kukiri kosa. Hawezi kufanya hivyo kama hajui. Mwambie kama mtoto ni mkimbizi, ana kadi ya ukaazi wa kudumu, au kesi bado inasubiri. Angalia pia kama hajawa raia tayari: mtoto wa chini ya miaka 18 mwenye ukaazi wa kudumu, anayeishi chini ya ulezi wa mzazi, huwa raia moja kwa moja mzazi huyo akipata uraia. Kuna familia zilizokosa usingizi miezi kwa ajili ya kijana ambaye alikuwa Mmarekani tangu mama yake alipoapa.

Kosa moja la kawaida la ulevi barabarani, bila mtu kuumia, kwa kawaida peke yake si sababu ya kumfukuza mwenye ukaazi wa kudumu. Uamuzi wa mahakama ya watoto hauhesabiwi kuwa hatia ya jinai katika sheria ya uhamiaji. Hata hivyo fomu ya uraia huuliza kama mtu amewahi kukamatwa, na jibu lazima liwe la kweli hata kama faili limefungwa. Mara mbili ni jambo jingine: tangu 2019, mwenye hatia mbili za aina hii ndani ya kipindi kinachoangaliwa huchukuliwa kuwa hana tabia njema, mpaka athibitishe vinginevyo.

Hatari kubwa zaidi, kwa maoni yetu, mara nyingi haiko kwenye chupa bali kwenye kiti cha nyuma. Bangi ni halali katika majimbo mengi kwa wenye miaka 21, na vijana hudhani basi imeisha. Sheria ya uhamiaji ni ya serikali kuu, na humo bado ni dawa ya kulevya. Kukiri shtaka la bangi ili la pombe lifutwe kunaweza kuonekana kama biashara nzuri mahakamani, kumbe ndiko kunakomharibia maisha. Kabla ya kusaini makubaliano yoyote, mtu anayejua uhamiaji ayasome.

Tarehe, saa, na kutokimbia

Karatasi ya mahakama ikisema 03/07, ni tarehe 7 mwezi wa tatu, si tarehe 3 mwezi wa saba. Ikisema 9:00 AM, ni saa tatu asubuhi. Tunaliandika hili kwa sababu mtu aliyezoea kuhesabu saa kwa Kiswahili anaweza kuiona 9 akaenda saa tisa alasiri, akakuta jaji ameshatoa hati ya kumkamata mwanawe. Fika nusu saa kabla, kwa ajili ya ukaguzi wa mlangoni.

Usimpeleke kwa mjomba jimbo jingine wala kumrudisha Afrika «atulie kidogo» kabla ya kesi kwisha. Hati ya kukamatwa itatolewa, na safari ya mkimbizi kurudi nchi aliyoikimbia huleta maswali mengine kabisa.

Katika kosa la kwanza lisilo na majeruhi, waendesha mashtaka wengi huwa tayari kuzungumzia njia mbadala: masomo ya pombe, saa za kazi za kujitolea, tathmini ya mtaalamu, pengine kifaa cha kupuliza kinachozuia gari kuwaka. Akimaliza, mashtaka yanaweza kupunguzwa au kufutwa. Muulize wakili swali moja hasa: «Je, mpango huu unamtaka akiri kosa kwanza?» Kukiri hata kwa muda kunaweza kuhesabiwa hatia katika uhamiaji, ingawa mahakama ya jimbo baadaye itasema limefutwa.

Kama mtu aliumia au alikufa, haya hayatoshi. Shtaka huwa kubwa, mtoto anaweza kuhamishiwa mahakama ya watu wazima, na mtu hata mmoja wa familia asiwasiliane na familia ya aliyeumia kuomba radhi kabla ya wakili kusema namna. Tunajua kwamba kwenda kuomba msamaha ndiyo desturi. Hapa safari hiyo inaweza kuandikwa kuwa ni kukiri, au kumtisha shahidi.

Nyumbani katika wiki hizo

Hasira utakuwa nayo, na una haki nayo. Lakini usimpige. Alama mwilini mwa mtoto zinaweza kuleta ofisi ya ustawi wa watoto mlangoni, na kesi moja ikawa mbili. Usimtangaze kanisani wala msikitini, wala kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya, kwa kutaka aombewe.

Mtazame. Kijana aliyekamatwa, hasa yule aliyekuwa tegemeo la nyumba, anaweza kuzama katika aibu kiasi cha kutaka kujidhuru. Halali, hali, anagawa vitu vyake, anasema mngekuwa na amani bila yeye: piga simu au mpigie 988, usiku au mchana, na uombe mkalimani wa Kiswahili. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpi wazo.

Muulize pia, siku nyingine, akiwa ametulia na wakili ameshamwona, kama anakunywa mara nyingi. Si kwa ajili ya usiku ule. Kwa ajili ya mwaka uliopita. Wapo vijana wanaokunywa ili walale, kwa sababu ya waliyoyaona njiani au kambini. Tathmini ya mtaalamu wa pombe kabla mahakama haijaiagiza husaidia afya yake, na wakili ataamua kama aitumie mbele ya jaji. Matokeo yake yapitie kwa wakili kwanza.

Gari likirudi na leseni ikirudi, bima itapanda, na baadhi ya majimbo yatataka kampuni ya bima ipeleke cheti maalumu, kinachoitwa SR-22, kwa miaka kadhaa. Jihadhari na hili pia: California, mzazi aliyesaini fomu ya leseni ya mtoto wa chini ya miaka 18 ana dhamana ya madhara atakayosababisha, na anaweza kuandika kuomba leseni hiyo ifutwe. Kumbukumbu ya udereva huko hukaa na kosa hili miaka 10. Faili la mahakama ya watoto linaweza kufungwa, lakini si kila jimbo hulifunga lenyewe. Mwandikie wakili siku mtoto anapomaliza masharti yote, umuulize ni fomu ipi na ni lini. Weka nakala za kila karatasi, pamoja na ile ya kumaliza masomo, katika bahasha moja na hati za uhamiaji. Afisa wa uraia ataiomba miaka mingi baadaye, na mahakama nyingine huwa zimeshaharibu zake.